Mwenye Laini Amekaa Eda

Walionisoma wiki jana najua walinitukana. Mtu mzima, kazi anayo, anakaa kitandani na simu mpya mkononi, anabahatisha namba ya kufungulia laini mara kumi, kama mtu anayecheza bahati nasibu! Mara ya kumi simu ikaandika kwamba laini imefungwa kabisa. Nitukaneni tu. Mimi mwenyewe nimeshajitukana zaidi yenu.

Kwa aliyenikosa: naitwa Nduku, mzaliwa wa Makueni, mkazi wa Muyeye hapa Malindi mwaka wa nane sasa. Simu yangu ya zamani iliangukia ndoo ya dawa ya kufulia. Nikanunua nyingine, nikahamishia laini, nayo ikadai namba ya siri niliyoiweka mwenyewe baada ya kunyakuliwa simu sokoni. Namba hiyo sikuikumbuka hata kidogo.

Ingekuwa laini ya umbea tu, ningenunua nyingine yakaisha. Lakini hiyo ndiyo namba pekee ambayo ndugu yangu Japheth anaijua kwa kichwa.

Japheth yuko Uarabuni. Alikwenda kuwa dereva, akaishia kuchunga ngamia jangwani, na pasi yake na simu yake vimefungiwa kabatini kwa tajiri. Mara ya mwisho alinipigia kwa simu ya kuazima, ananong'ona.

"Dada, Ijumaa ijayo tajiri akienda kuswali nitapata simu dakika chache. Nitakuwa nimeshajua jina la mahali hapa. Shika, uandike. Baada ya hapo tunahamishwa, na huko tuendako sijui kama kuna mtu mwenye simu."

Maofisa wanaowatafuta vijana kama yeye walishaniambia wazi kwamba bila jina la mahali hawana pa kuanzia. Basi hesabu yangu ilikuwa moja: laini ifunguke kabla ya Ijumaa mchana, au nimpoteze mtoto wa mama yangu.

Alhamisi saa mbili asubuhi nilikuwa mlangoni pa ofisi ya kampuni ya simu, mjini. Mashine ikanitemea kikaratasi namba tisini na moja. Aliyekuwa akihudumiwa ni namba kumi na mbili, mzee aliyetaka kuelezwa kwa nini simu yake inamsomea habari bila kuulizwa.

Nilifika kaunta saa sita na robo. Mhudumu aliitwa Odera, jina lake lilikuwa kifuani.

"Wewe ni Nduku?"

"Ndiye mimi."

"Lakini hapa mwenye laini ni Mishi."

"Ni shoga yangu. Nilipofika Malindi nilikuwa nimepoteza kitambulisho, akanisajilia kwa chake."

"Na ulipopata kitambulisho kipya?"

Ningemwambia nini? Kwamba nusu ya Muyeye tunatumia laini za mashemeji na majirani? Hata walipotangaza kila mtu asajili laini yake upya, mimi na Mishi tulikwenda pamoja, akapigwa picha yeye, tukacheka, tukanunua mahamri tukarudi nyumbani.

"Basi mwenyewe aje," Odera akasema.

"Hawezi. Amekaa eda."

"Eda ni wapi? Ni kupita Mambrui?"

Wanawake wawili nyuma yangu wakaangua kicheko. Mimi machozi yalikuwa yananilenga. Nikamweleza kwamba Mishi amefiwa na mumewe, leo siku ya thelathini na nane. Mjane wa Kiislamu hukaa ndani miezi minne na siku kumi. Hatoki kwenda kupanga foleni ofisini, wala hakai mbele ya wanaume wa kando.

Odera akaitazama kompyuta yake.

"Pole sana. Ila mfumo haunipi nafasi ya kuandika hivyo."

"Unakupa nafasi ya kuandika nini?"

"Amefika, au hajafika."

"Hakuna kingine?"

"Kuna amefariki. Hapo unaleta cheti cha kifo, tunamaliza siku hiyo hiyo."

"Yaani ingekuwa afadhali afe yeye?"

Hapo nilipandwa. Nilipiga kelele mpaka askari wa mlangoni akaja, naye nikamwambia yake. Kisha nikaegemea kaunta, nikaanza kumsihi Odera kwa jina la mama yake. Nadhani alinionea huruma, au alitaka niondoke.

"Kuna wakala wetu mwanamke," akasema kwa sauti ya chini. "Anaitwa Viola, anakaa chini ya mwavuli kule stendi. Anaweza kumfuata mwenye laini nyumbani, ampige picha. Halafu makao makuu watampigia kuthibitisha."

"Mungu akubariki! Watathibitisha nini?"

"Atataja namba tatu ambazo laini hii imezipigia zaidi kwa miezi mitatu. Ataje kwa mdomo wake mwenyewe, mwingine hakubaliwi. Akikosea, laini inazuiwa siku saba kwa usalama wake."



Wasomaji wangu, kuna jambo nimewaficha tangu tulipoanza safari hii. Nimewasimulia simu iliyoanguka, jirani aliyenisengenya, mpaka tumbo lililoniharisha siku ya kazi mpya. Hili sikulisema.

Namba nilizozipigia zaidi ni tatu. Moja ni ya kazini kwangu. Ya pili ni ya Mishi. Na ile iliyozizidi zote ni ya Faiz, mume wa Mishi. Huyo huyo marehemu anayekaliwa eda.

Najua mnachofikiri. Ningekuwa ninyi ningefikiri hicho hicho.

Tangu mwaka jana mpaka msiba huu ulipotokea nilikuwa nafanya usafi katika zahanati moja ya watu binafsi kule Kibarani, Kilifi. Naondoka Malindi Jumatatu, narudi Ijumaa. Siku moja nikaingia na ndoo yangu chumba cha kusafishia damu, nikamkuta shemeji Faiz ameketi, mipira miwili imemtoka mkononi inaingia kwenye mashine. Mishi alijua yuko Kikambala, anapeleka makochi hotelini. Figo zake zote mbili zilikuwa zimekufa.

"Mishi asijue," akaniambia. "Akijua atataka kunipa figo yake. Na unaujua moyo wake ulivyo mgonjwa, daktari alimwambia hata jino asing'oe ovyo. Ataingia chumba cha kupasuliwa hatoki. Niapie, Nduku."

Nikamwapia kwa Mungu.

Toka siku hiyo nikawa ndiye wa kumpigia. Mashine ile ilikuwa inaharibika kila wiki. Nilimpigia kumwambia imepona, njoo, au imekufa tena, usije ukateseka bure njiani. Asubuhi moja niliposema imekufa, akasema basi atangoja. Siku mbili baadaye akaanguka Kikambala. Watu wakasema presha. Akazikwa siku ile ile alasiri, kama ilivyo ada, na hakuna aliyeuliza zaidi.

Isipokuwa Mishi. Mimi ndiye niliyeosha sufuria za matanga, na kila nikiingia ndani na chai ananiuliza lile lile.

"Shoga, mtu hafi hivi hivi. Kuna aliyejua akanificha. Nikimjua, mimi simsamehe mpaka naingia kaburini."

Nami namimina chai.

Alhamisi hiyo nikaazima simu ya jirani yangu Nyaboke, nikapiga huduma kwa wateja kutafuta njia nyingine. Mashine ikasema simu yangu ni muhimu sana kwao. Ikaniwekea muziki dakika arobaini. Halafu ikaniambia nijaribu wakati mwingine, ikakata. Nilitaka kuipasua ukutani, ila haikuwa yangu.

Ijumaa saa tano tulikuwa mtaa wa Shela, hapa hapa Malindi, nyumbani kwa Mishi, mimi na Viola. Nilikuwa nimekwishapanga ujanja. Niliandika namba tatu kwenye karatasi: ya kazini, ya Mishi, na ya tatu nikaweka ya Nyaboke. Huyu nilimpigia sana pia, kuagiza mahamri. Labda, nikajiambia, alimzidi Faiz kwa simu moja au mbili. Mwenye shida haachi kujidanganya.

"Hodi!"

"Karibu, shoga. Karibu, mwanangu." Mishi alikuwa ameketi mkekani chumba cha ndani, nguo nyeupe, mikono mitupu bila hata pete. "Nduku amenieleza. Ningekuwa natoka ningetoka kwa ajili ya Japheth. Fanya unalotaka kufanya."

Viola akatoa simu yake kubwa ya kazi.

"Mama, rudisha mtandio nyuma kidogo. Inataka kuona masikio."

Mishi akarudisha.

"Funga macho. Fungua. Geuka kushoto. Sasa, eeh, sasa inasema utabasamu."

"Nitabasamu?"

"Si mimi, mama. Ni simu."

Nilitamani ardhi ipasuke. Mishi akajaribu. Simu ikalia, imekataa. Akajaribu tena, ikakataa. Mara ya tatu Viola akasema, "Mama, fikiria kitu kizuri," kisha akajiuma mdomo kwa aibu. Mara ya nne Mishi akavuta midomo kwa nguvu, meno yakaonekana, machozi yakimtiririka. Simu ikasema hongera.

"Ni kwa ajili ya Japheth," akasema, akajifuta kwa ncha ya mtandio. Hakunilaumu hata kwa jicho.

Tukakaa kungoja makao makuu. Adhana ikalia, wanaume wakapita nje na kanzu zao, mtaa ukanyamaza. Saa saba kasoro. Saa saba kamili. Saa saba na dakika tano, simu ya Viola ikaita. Akaiweka spika, akampa Mishi.

"Hujambo, mama. Unaongea na Kioko, huduma kwa wateja."

Kioko! Mtu wa kwetu! Nikataka kumrukia kwa Kikamba, nimweleze yote. Viola akanizuia kwa mkono. Sauti ya pili ikisikika, laini inafungwa.

"Mama, nitajie namba tatu unazozipigia zaidi."

Mishi akasoma ya kwanza kwenye karatasi yangu.

"Sawa."

Akasoma ya pili, yake mwenyewe.

"Sawa."

Akasoma ya Nyaboke.

"Hiyo siyo, mama. Iko nyingine ambayo unaipigia zaidi kuliko zote. Una nafasi moja ya mwisho."

Mishi akaifunika simu kwa kiganja. "Shoga, fikiri vizuri. Ni nani unayempigia hivyo?"

Viola akanyoosha kidole kuelekea saa ya ukutani. Saa saba na dakika kumi na mbili.

Niliona uso wa Japheth. Haki ya Mungu niliuona, midomo imepasuka kwa jua. Nikachukua kalamu, nikaandika chini ya karatasi, nikamsogezea Mishi, nikainamisha kichwa.

"Sufuri, saba, mbili," Mishi akaanza. "Mbili..."



"Endelea, mama," Kioko akasema.

Nikainua macho. Mishi hakuwa anaitazama karatasi tena. Alikuwa ananitazama mimi. Tarakimu sita zilizobaki alizisema zote bila kusoma, moja moja, taratibu.

"Asante, mama. Umethibitishwa. Kabla sijakuacha, kwa kipimo cha moja mpaka kumi, umeridhika vipi na huduma yetu?"

"Kumi," Mishi akasema.

Viola, masikini, hakujua kitu. Akaipachika kadi mpya kwenye simu yangu, akabonyeza hapa na pale. Nikanyoosha mkono.

"Hapana, dada. Sheria ni nimkabidhi mwenye laini." Akampa Mishi. "Mtandao utarudi baada ya dakika kumi hivi. Siku njema!"

Akatoka, mlango ukafungwa.

"Nduku," Mishi akasema. Siku zote huniita shoga. "Namba hii ulikuwa ukiipigia nini? Kuliko ya kazini kwako. Kuliko yangu."

"Mishi, nakuomba, simu ya Japheth ikishapita nitakueleza yote."

"Nimekuuliza sasa."

"Nilimwapia."

"Ulimwapia." Akatikisa kichwa taratibu. "Wewe na mume wangu mlikuwa na viapo."

Nikapiga magoti mkekani. Nilisema maneno mengi yasiyo na maana, kwamba Faiz alikuwa mtu mwema, kwamba alimpenda yeye, kwamba siyo anavyodhani. Yeye alikuwa akinisikiliza tu. Nami nilikuwa namtazama usoni kwa jicho moja, na simu mkononi mwake kwa jicho la pili.

Simu ikaita.

Ilikuwa namba ndefu ya ng'ambo. Nikairukia. Mishi akaivuta nyuma ya mgongo wake.

"Ni Japheth! Mishi, nipe niongee naye, halafu uniue!"

"Wewe una mtu wa kukupigia. Wangu hapigi tena. Nijibu, nikupe."

Simu inaita. Akili yangu ilikimbia kila upande. Nikisema ukweli, Mishi atajua kwamba kulikuwa na njia ya kumwokoa mumewe, nayo ilikuwa mwilini mwake, na kwa moyo ule hatalala tena. Nikisema uongo, atanichukia mimi, atamchukia Faiz, lakini ataishi. Na uongo ni mfupi zaidi. Neno moja, nipewe simu.

Ndiyo, nilifikiri hivyo pia. Mkitaka kunihukumu, nihukumuni kwa hilo.

"Ndiyo," nikasema. "Nilikuwa hawara yake. Nipe simu."

Simu inaita. Mishi hakulia wala hakupiga kelele. Alinisogelea, uso kwa uso.

"Muongo," akasema. "Mwaka mzima Faiz hakunigusa. Hakuweza. Analala ananipa mgongo, analia akidhani nimelala. Mimi nikasema nimezeeka, nimemchosha. Mtu aliyeshindwa na mke wake alale na wewe? Usinidanganye mara ya pili, Nduku. Alikuwa na nini?"

Simu inaita, inaita.

"Mishi, itakatika!"

"Alikuwa na nini?"

"Figo!" nikapiga kelele. "Zote mbili zilikufa. Alikuwa anasafishwa damu Kibarani. Hakutaka ujue, kwa sababu ungempa yako!"

Simu ikanyamaza.

Mkono wa Mishi uliokuwa mtupu ukashuka taratibu, ukajishika kiunoni, ukabaki pale.

"Na mimi zangu," akasema, "nilikuwa nimemwekea nani?"

Alikuwa akiningoja nimjibu. Miaka minane ya ushoga, na mwenzangu ananitazama hivyo. Nami nilikuwa naitazama simu. Mungu anisamehe, nilikuwa naitazama simu.